Volti zikishuka mnarani: nani akate umeme, kontrola, rilei, swichi au BMS?

Mzee anayelinda mnara wetu mmoja huku Usambara, juu ya Lushoto, alinipigia simu mwezi wa Julai, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Tulipomaliza shikamoo na marahaba akasema: "Mwanangu, lile sanduku lako linagonga. Tangu usiku linagonga tu, kama mtu anayebisha hodi asifunguliwe."

Nilipofika, ukungu ulikuwa bado umekaa kilimani, nusu ya juu ya mnara haionekani. Nikafungua sanduku nikasikia mwenyewe: ta, kimya, ta. Rilei, kile kifaa cha kukata na kuwasha umeme, ilikuwa imepangwa kukata umeme volti zikifika 23.0 na kuurudisha zikifika 23.8. Betri iliyochoka ikituliwa mzigo hupumua, volti zake zikapanda zenyewe bila jua hata chembe. Zikifika 23.8 rilei inawasha, swichi ya mtandao (kifaa kinachogawa mtandao na umeme kwa redio) na redio zote zinaamka kwa pamoja, volti zinaporomoka, rilei inakata. Hivyo hivyo kila baada ya dakika chache, usiku kucha. Swichi ilizimwa na kuwashwa mara nyingi hadi ikapoteza mipangilio yake yote, na betri nilizodhani nimezilinda nilizikuta tupu.

Kosa lilikuwa langu, niliipanga ile rilei kwa haraka. Lakini lilinifanya nikae chini nilinganishe kwa makini njia tunazotumia mafundi wa mitandao ya sola kuzuia betri isifike huko. Ziko nne za kweli: kuiachia kontrola ya chaji (kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kwenda kwenye betri) ikate, kuweka rilei ya peke yake, kutumia swichi inayoweza kuzima mlango mmoja mmoja, yaani tundu moja moja la waya wa mtandao, na kuitegemea BMS, bodi ya ulinzi iliyomo ndani ya betri ya lithiamu. Nimezitumia zote nne. Hazishindani kama watu wanavyodhani, na inayofaa kwako inategemea sana una vitu vingapi vinavyokula umeme pale juu na nani anavitegemea.

Nitatumia mnara huohuo kama mfano. Mfumo ni wa volti 24: betri mbili za asidi za 12V 100Ah zilizoungwa mfululizo, yaani Wh (saa-wati) 2400 kwenye karatasi. Swichi inakula wati 6. Kuna redio mbili za kiungo, moja inapokea mtandao kutoka mjini na nyingine inaupeleka kilima cha pili, wati 7 kila moja. Kuna redio mbili za sekta, nazo wati 7 kila moja, moja inaelekea sokoni na nyumba za wageni, nyingine inahudumia zahanati na shule. Na kamera moja ya ulinzi, wati 6. Jumla wati 40, sawa na Wh 960 kwa siku nzima.

Namba ambazo kiwanda hakikupangia wewe

Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika, bila mzigo wala chaji, husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikibaki nusu husoma 12.2 au juu yake kidogo. Ikisoma 11.8 ikiwa imepumzika, humo ndani hakuna cha kutegemea. Kwa mfumo wa 24 zidisha mara mbili.

Sasa angalia kontrola. Nyingi zilizoko madukani hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kukata mzigo kwenye 11.1 na kuurudisha kwenye 12.6, yaani 22.2 na 25.2 kwa mfumo wa 24. Kampuni ya Morningstar, kwenye kontrola yao ya SunSaver, wao wamepanga 11.5. Fundi anayefunga sola za nyumbani haoni tatizo kwenye 11.1, na kwake yeye kweli si tatizo kubwa. Mzigo mzito, kama pampu au inveta yenye friji, huzivuta volti chini wakati unapofanya kazi. Betri ikisoma 11.1 chini ya mzigo wa namna hiyo inaweza kuwa bado ina akiba nzuri, na ukizima pampu utaona volti zinarudi juu.

Mnara wa mtandao hauko hivyo. Wati 40 kwenye volti 24 ni ampea 1.7 tu, na betri yetu ni ya 100Ah. Mkondo mdogo namna hiyo hauzivuti volti karibu hata kidogo, kwa hiyo unachokisoma usiku kinakaribiana sana na hali halisi ya betri. Maana yake ni kwamba mzigo mdogo ukiishusha betri hadi 11.1, imekwisha. Watengenezaji wengi wa betri za asidi hupima uwezo wa betri kwa kuitumia polepole kwa saa 100 hadi ishuke volti 1.85 kwa seli. Zidisha kwa seli 6, unapata 11.1. Kwa mtandao, namba ambayo kontrola yako inaiita ulinzi ndiyo namba ambayo kiwanda cha betri kinaiita mwisho.

Betri ya asidi ikikaa tupu siku mbili tatu, salfeti ya risasi iliyojengeka kwenye sahani zake huanza kugeuka fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi. Ndiyo maana betri za minara ya milimani hufa baada ya msimu mmoja wa ukungu, halafu lawama anapewa aliyeziuza.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, badilisha namba. Kwa mzigo mdogo wa mtandao mimi hukata kabisa kwenye 23.8 na kurudisha kwenye 25.6 au zaidi. Pengo hilo ndilo lililokosekana asubuhi ile. Betri ya asidi iliyotuliwa mzigo haiwezi kupumua hadi 25.6 bila kuchajiwa, kwa hiyo umeme ukirudi, umerudi kwa sababu jua limetoka.

Kontrola ikate yenyewe

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Kifaa tayari unacho. Unaunga swichi kwenye zile skrubu mbili zenye alama ya taa badala ya kuiunga moja kwa moja kwenye betri, basi. Haitegemei programu, haina skripti (programu ndogo ya amri) ya kuharibika, na fundi mwenzako akija bila maelezo ataielewa kwa kuitazama.

Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba inakata vyote kwa mkupuo. Kamera, soko, zahanati na kilima cha pili vinazimika dakika moja, pamoja na njia yako mwenyewe ya kuingia na kuangalia kuna nini. Udhaifu wa pili ni kwamba kontrola za bei ya chini haziruhusu kubadilisha namba, au zinaruhusu kwenye kioo halafu hazizishiki. Kabla ya kununua uliza swali moja tu: volti ya kukata na volti ya kurudisha zinapangwa na mimi au na kiwanda?

Kuna udhaifu wa tatu usioandikwa kwenye boksi, na ulinichukua siku nzima kuuelewa. Kwenye mnara mwingine taa ya mzigo ya kontrola ilikuwa imezimika, lakini swichi inawaka na redio zinafanya kazi kama kawaida, huku betri ikiendelea kushuka. Nilidhani kontrola imekufa, nikaibadilisha, mambo yakawa yaleyale. Jioni ndipo nikaona. Kontrola nyingi ndogo za PWM, ile aina rahisi, hukata upande wa hasi, wakati chanya inapita moja kwa moja. Swichi yangu ilikuwa imeungwa na ardhi kwa waya wake wa ardhi na kwa nyaya za mtandao zenye ngao, na hasi ya betri nayo ilikuwa imeungwa na chuma cha mnara. Kontrola ilipofunga mlango wa mbele, mkondo ukarudi kwa mlango wa nyuma kupitia chuma. Ukitumia kontrola ya aina hiyo, ama usiunge hasi ya betri na ardhi, ama tafuta kifaa kinachokata upande wa chanya. Kupima ni rahisi: ondoa waya hasi wa swichi kwenye kontrola kwa mkono. Swichi ikiendelea kuwaka, umepata jibu.

Mnara wenye redio moja au mbili tu, kituo cha mwisho kisichopeleka mtandao kwa mwingine, nauachia kontrola bila wasiwasi, mradi namba zimebadilishwa na suala la ardhi limeangaliwa. Hakuna haja ya kuongeza kifaa kingine cha kuharibika.

Rilei ya peke yake

Hapa kuna familia mbili. Ziko bodi ndogo za bei rahisi zenye kioo cha namba na rilei ya kugonga, kama ile ya mzee. Na viko vifaa visivyo na sehemu inayotembea, mfano BatteryProtect ya kampuni ya Victron, vinavyokata upande wa chanya kwa transista.

Tofauti yao si ya bei tu. Koili ya rilei ya kawaida inayoshikilia umeme muda wote hula wati moja hadi mbili. Kwa mtu wa nyumbani si kitu, lakini kwenye mnara wa wati 40 ni Wh 24 hadi 48 kila siku zinazoliwa na mlinzi mwenyewe. Vile vya transista hula kiasi kisichofaa hata kutajwa. Pia vina subira. BatteryProtect volti zikishuka chini ya kizingiti husubiri sekunde 90 kabla ya kukata, kwa hiyo mshtuko mfupi wa redio inayoamka haumzimi mtu. Bodi ya bei rahisi haina subira hiyo, na kukosa subira ndiko kulikosababisha ile hodi ya usiku kucha, mbali na pengo dogo nililoliweka mimi.

Rilei inanivutia kwa jambo moja ambalo mafundi wachache hulitumia: unaweza kuweka mbili. Ya kwanza inakata mzigo usio wa lazima kwenye 24.6, ya pili inakata kila kitu kwenye 23.8. Umepata ukataji wa hatua bila mstari hata mmoja wa skripti. Kwa taasisi isiyo na mtu wa mtandao, shule ya bweni kwa mfano, yenye fundi umeme mzuri wa kawaida, hii ndiyo njia ninayoipendekeza. Yule fundi ataipima kwa mita yake na kuielewa, na kesho mimi nisipokuwepo ataitengeneza.

Kikwazo ni kwamba kamera na redio za siku hizi hazina waya wao wa umeme. Umeme wao unapitia waya wa mtandao kutoka kwenye swichi. Ili rilei ya kwanza ikate kamera peke yake, lazima kamera iwe na injekta yake pembeni, kifaa cha kuingiza umeme kwenye waya wa mtandao, na sanduku linaanza kujaa.

Swichi inayozima mlango mmoja mmoja

Hapa nitakaa, maana ndipo mnara wetu ulipoishia.

Baadhi ya swichi na rauta zilizotengenezwa kwa watoa huduma wadogo wa intaneti zinapokea umeme wa DC wa volti nyingi tofauti, zinatoa PoE, yaani umeme ndani ya waya wa mtandao, kwenye milango yake, na zinasoma volti zinazoingia. Ninayoijua vizuri ni hEX PoE ya kampuni ya MikroTik, inayokubali volti 12 hadi 57 na kutoa umeme kwenye milango minne. Volti inayoingia ndiyo inayotoka, ukiipa 24 inawapa redio 24. Kwa redio za PoE ya kawaida ya volti 24 hiyo inatosha. Kamera au redio zinazofuata kiwango cha 802.3af zinataka volti 44 hadi 57 kwenye chanzo, na hapo utahitaji kipandisha volti. Kumbuka kwamba kipandisha volti hutoa wati zilezile hata betri ikishuka, kwa hiyo kadiri volti zinavyopungua kinavuta ampea nyingi zaidi. Betri inapochoka ndipo kinapoinyonya kwa nguvu.

Kazi yenyewe ni skripti inayoamka kila baada ya dakika 5, inasoma volti, ikiona zimeshuka chini ya kizingiti inazima mlango uliopangwa. Amri ni moja fupi:

/interface ethernet poe set ether4 poe-out=off

Mambo mawili huwatoa jasho wanaoandika skripti hii mara ya kwanza. Lugha ya skripti ya RouterOS, programu inayoendesha vifaa vya MikroTik, haifanyi hesabu za desimali, kwa hiyo 24.4 inabidi uifanye 244 ndipo ulinganishe. Na usiandike kizingiti kimoja. Andika viwili, cha kuzima na cha kuwasha, viachane vya kutosha.

Faida yake ni hii. Betri yetu ukiitumia hadi nusu tu, una Wh 1200. Kwa wati 40 mfululizo, bila jua, ni saa 30. Sasa fanya kwa hatua. Wh 600 za kwanza tumia kila kitu, saa 15. Kwenye 24.7 zima kamera na sekta ya sokoni, mzigo unabaki wati 27, Wh 350 zinazofuata zinakupa saa 13. Kwenye 24.4 zima sekta ya pili, inabaki swichi na redio mbili za kiungo, wati 20, na Wh 250 za mwisho zinakupa saa 12 na nusu. Umetoka saa 30 ukafika 40, na hujaongeza paneli wala betri. Saa 10 hizo ndizo zinazokuvusha kutoka alfajiri ya giza hadi alasiri, wakati ukungu wa Usambara mara nyingi unakuwa umefunguka.

Lakini faida kubwa zaidi iko kwenye mchana wenyewe. Paneli zangu mbili za wati 150, siku ya ukungu mzito, huleta Wh 400 hivi. Mnara unaokula 960 kwa siku hauwezi kuishi kwa 400, kila siku unachimba shimo jipya. Mnara uliojibana hadi wati 20 unataka 480. Unakaribia kujitosheleza kwa mwanga wa mawingu tu, na unaweza kuvumilia wiki.

Ile njia ya kukata vyote kwa mkupuo haikupi nafasi hii. Pia haikulazimishi kujibu swali gumu kuliko yote: nani azimwe kwanza? Nilipopanga mara ya kwanza nilifuata wati, nikazima kilichokula zaidi. Halafu mama mmoja anayefanya kazi zahanati akaniuliza kwa upole kwa nini wao huzimika kabla ya nyumba za wageni. Sikuwa na jibu la kumpa. Tulikaa na watu wa zahanati, mwalimu mkuu na mwenye nyumba moja ya wageni, tukaandika mpangilio kwenye karatasi. Soko na wageni watangulie, zahanati na shule wafuate, na kiungo cha kilima cha pili kibaki hadi mwisho kwa sababu kule kuna vijiji vitatu vinavyokitegemea. Mwenye nyumba ya wageni alikubali bila ugomvi, kwa sharti moja: apate ujumbe kabla ya kuzimwa. Skripti inamtumia ujumbe kwenye 24.9. Kontrola ya kawaida wala rilei haziwezi kufanya hivyo.

Hatari zake nazo nizitaje. Skripti ni programu, na programu hukwama. Swichi ikiganda usiku haitazima chochote, wala haiwezi kujizima yenyewe kabisa, itaendelea kunywa wati 6 mpaka mwisho. Kwa hiyo chini yake lazima kuwe na kifaa cha umeme kinachokata bila kuuliza, kontrola au rilei, kwenye 23.8. Ukiweka skripti peke yake umejenga ghorofa bila msingi. Hatari nyingine ni kukosea namba ya mlango. Ukizima mlango unaokuletea mtandao umejifungia nje, na ni lazima upande kilima.

Lipo jambo moja zuri ambalo sikulitegemea. Hali ya mlango uliozimwa inahifadhiwa. Umeme wote ukikatwa na kurudi, swichi inaamka na milango iliyozimwa ikiwa bado imezimwa, na skripti inaiwasha mmoja mmoja volti zikiruhusu. Redio haziamki tena kwa pamoja.

Mita iko wapi?

Watu wengi wanaruka hapa, halafu wanashangaa namba zao hazifanyi kazi. Mnara wetu una betri chini na swichi juu, karibu na redio, mita 25. Waya ni wa milimita 2.5 za mraba. Kwenda na kurudi ni mita 50 za shaba, ukinzani wake kama omu 0.37. Kwa ampea 1.7 unapoteza volti 0.6 njiani. Betri inasoma 24.4, swichi inaona 23.8. Ukichukua namba za betri ukaziweka kwenye skripti bila kupunguza, utazima watu saa nyingi kabla ya wakati.

Tena upotevu huo hautulii. Ukizima milango mpaka mzigo ukabaki wati 20, ampea zinapungua nusu na upotevu nao nusu. Volti kwenye swichi zinaruka juu kwa 0.3 papo hapo, ingawa betri haijapata kitu. Kama kizingiti chako cha kuwasha kiko 0.2 tu juu ya kile cha kuzima, skripti itawasha, itazima, itawasha, na wateja watakuwa wanapata intaneti ya dakika tano tano. Ni ile hodi ya mzee imerudi kwa sura nyingine. Mimi huwasha milango volti zikifika 26.4 na kukaa hapo dakika 20, namba ambayo haifikiwi ila paneli zinachaji kwelikweli. Dakika 20 ni kwa sababu jua likichomoza kidogo kati ya mawingu volti hupanda haraka hata betri ikiwa tupu.

Halafu pima na mita ya mkono. Usomaji wa bodi ya swichi unaweza kuachana na ukweli kwa volti 0.1 au 0.2, na hatua zangu zinaachana kwa 0.3 tu. Gusa skrubu za betri kwa mita, soma, angalia swichi inasema nini wakati huohuo, andika tofauti.

Ukiwa na lithiamu, sahau sehemu kubwa ya niliyoyasema

Betri za LiFePO4, aina ya lithiamu, zinazidi kuingia, na kwa minara nazipenda. Zinavumilia kushuka chini, hazipati ule ugonjwa wa salfeti, na ni nyepesi kubeba mlimani. Lakini volti zake hazisemi ukweli wa kiasi kilichobaki. Pakiti ya seli 8, ile ya volti 25.6, kutoka karibu kujaa hadi kubaki theluthi volti zake hazibadiliki hata kwa volti 1. Halafu zikianza kushuka zinaanguka kama jiwe. Ukataji wa hatua kwa volti, 24.7 kisha 24.4, kwenye lithiamu hauna maana. Ukifika hapo hatua zote zinatokea kwa mara moja.

Wengi basi wanasema BMS itakata. Kweli itakata, nyingi karibu na volti 2.5 kwa seli, yaani 20 kwa pakiti nzima. Lakini BMS imewekwa kuiokoa betri isife. Kuendesha mtandao wako si kazi yake. Ikikata, kwa nje betri inaonekana haina kitu kabisa. Kontrola nyingi zinapata umeme wa kujiendesha kutoka kwenye betri. Asubuhi jua likitoka, kontrola imelala, betri imejifunga, hakuna wa kumwamsha mwenzake. Nimeshapanda kilima kwa ajili hiyo tu, kwenda kuigusisha betri na chaja ndogo kwa dakika chache.

Kwa lithiamu weka kikokotoo cha ampea-saa chenye shanti (kipande cha kupimia mkondo), kinachohesabu kilichoingia na kilichotoka, na hatua zako zifuate asilimia: kwa mfano zima soko ikibaki 60, sekta ya pili ikibaki 40. Kama huna kikokotoo, weka ukataji mmoja wa rilei kwenye 25.0, mbali kabisa na BMS, na uridhike na hapo.

Mimi ningechagua hivi

Kituo cha mwisho chenye redio moja au mbili na betri ya asidi: kontrola tu, kata 23.8, rudisha 25.6, hakikisha hasi haipiti kwa mlango wa nyuma. Taasisi yenye fundi umeme lakini haina mtu wa mtandao: rilei mbili za transista. Mnara unaopeleka mtandao kwa wengine, wenye milango minne na zaidi na mtu wa kuuangalia: swichi inayozima milango, na kontrola chini yake kama msingi. Lithiamu: shanti kwanza, mengine baadaye.

Inveta kwa ajili ya swichi ya mtandao, ya kugeuza DC kuwa AC halafu adapta igeuze tena kuwa DC, siiweki kwenye orodha. Inveta ndogo ikiwa haina mzigo wowote inaweza kula wati 10, robo ya mnara wetu mzima.

Chochote utakachochagua, kipime mezani kabla ya kupanda nacho. Nilipojenga upya lile sanduku nililiunga sebuleni kwenye pawa saplai inayopunguzwa kwa kifundo, na redio zote zikiwa zimewashwa. Nikaanza na 26, nikashuka polepole, nikisubiri dakika sita kila kizingiti ili skripti ipate nafasi ya kuamka. Mezani hakuna waya mrefu wa kupoteza volti, kwa hiyo skripti niliiachia namba za betri zenyewe: kamera na soko vilizima 24.7. Zahanati 24.4. Kwenye 23.8 kila kitu kikawa giza. Nikarudi juu: 24, 25, kimya. Kwenye 25.6 swichi na redio mbili za kiungo zikaamka. Nikaenda 26.4, nikaacha hapo, nikapika chai. Dakika ya ishirini na kitu taa ya sekta ya zahanati ikawaka. Namba zote nimeziandika kwa maka peni ndani ya mlango wa sanduku, kwa herufi kubwa, na kwa zile za swichi nimeandika pembeni zile 0.6 za waya za kupunguza ili mzee akinipigia tena aweze kunisomea.